Picha ya Datsun ya Safari Rali iliyogandana na kioo

Umeuliza utaibanduaje picha hiyo kwenye kioo cha fremu, na ni ya Safari Rali ya mwaka gani. Usiibandue, shekhe. Hiyo picha ya Datsun 240Z aliyoiacha marehemu baba yako imegandana na kioo kwa sababu uso wa picha una jelatini: unyevu wa masika huilainisha, ikikauka inashika kioo kama gundi. Ukiivuta, gari linabaki kiooni, wewe unabaki na karatasi. Na aliyekushauri uiroweke msamehe tu. Penye kuvu jelatini imeshaoza, ikiguswa na maji inayeyuka.

Itoe kwenye fremu pamoja na kioo chake. Futa kioo upande wa nje, ukilaze kifudifudi kwenye skana, nukta 600 kwa inchi. Skana nyembamba za sensa ya CIS (inayosoma kitu kilichoigusa tu) zitakupa picha yenye ukungu, maana hazioni vizuri kupita unene wa kioo. Tafuta yenye CCD (sensa inayosoma kupitia lenzi), hata ya zamani. Tundika nakala, fremu iwe na ukingo wa kadibodi ili picha isiguse kioo, na isiwe ukuta wa nje, maana mawe na chokaa za Mji Mkongwe zinanyonya maji.

Kuhusu mwaka wa picha: 240Z ilishinda Safari Rali 1971 na Edgar Herrmann, ikarudia 1973 na Shekhar Mehta. Lakini zilishiriki nyingi, usikimbilie kusema ni ya mshindi. Kuza kibao cha rali pale mbele, mara nyingi mwaka umeandikwa. Kikiwa na tope, soma namba ya mlangoni uilinganishe na orodha ya washiriki.