Fidia ya Marehemu: Karatasi Ipi Itangulie?

*Mume wangu alikuwa abiria wa bodaboda. Lori liliwagonga nje ya Mariakani, akafa papo hapo. Alikuwa mwashi, ana miaka 35, na ameniachia watoto watatu. Watu wananihimiza nikimbilie kortini kabla mwenye lori hajaliuza. Nianzie wapi?* – Mjane, Kilifi

Pole sana mama kwa msiba. Hao wanaokuhimiza wana nia njema, lakini mbio hizo ndizo zinazoua kesi nyingi za namna hii. Lori likiuzwa leo, aliyekuwa mmiliki siku ya ajali bado anashtakika. Unachohitaji ni nakala ya rekodi za gari kutoka NTSA (mamlaka inayosajili magari), kwa maana sheria humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mmiliki mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Mshtaki yeye pamoja na dereva.

Kabla ya hapo, shughulikia hati ya usimamizi, ile ya mahakama inayokufanya msimamizi wa mirathi ya marehemu. Madai yako yana miguu miwili. Mmoja ni wa mirathi ya marehemu, chini ya Sura ya 26 ya Sheria za Kenya: maumivu aliyopata kabla ya kufa na umri aliopunguziwa. Mwingine ni wa waliomtegemea, chini ya Sura ya 32. Kwa mguu wa kwanza, kuwa mke hakukupi mamlaka ya kushtaki. Hati ndiyo inayokupa. Ukifungua kesi Jumatatu na hati ikatolewa Jumatano, dai la mirathi limeanguka, na hati hiyo hairudi nyuma kulifufua. Mawakili wa bima hulinganisha tarehe hizo mbili kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Huhitaji kusubiri mirathi nzima iishe. Omba hati yenye mipaka, ile ya kufungulia kesi peke yake. Nenda na cheti cha kifo, barua ya chifu inayowataja warithi wote, na ridhaa yao. Hati hiyo haikuruhusu kuuza shamba wala kugawa chochote, kwa hiyo shemeji wakianza kunung'unika waelezwe mapema.

Wakati huo huo chukua abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wao wa ajali, na uisome ukiwa bado kituoni. Angalia jina la marehemu kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya lori, jina la mwenye lori, kampuni ya bima na nambari ya bima. Herufi moja ikikosewa, irekebishwe hapo hapo. Dereva akishtakiwa kwa kusababisha kifo, fuatilia kesi hiyo. Akitiwa hatiani na muda wa rufaa ukipita, au rufaa ikitupwa, nakala ya hukumu iliyothibitishwa ni ushahidi asioweza kuupinga katika kesi yako. Akiachiliwa, usikate tamaa. Kesi ya madai haidai ushahidi mzito kama ya jinai.

Kampuni ya bima ya lori ipewe notisi ya maandishi kabla kesi haijafunguliwa. Weka nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila notisi unaweza kushinda kesi, kisha bima ikakataa kulipa na sheria ikaitetea.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo watu hupewa ndoto. Tuseme ilithibitika alikuwa akipata shilingi 24,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 288,000. Hakimu akikadiria angefanya kazi miaka 20 zaidi, inafika 5,760,000. Mwenye mke na watoto kwa kawaida huchukuliwa kuwa thuluthi mbili ya pato lilikwenda kwa familia: 3,840,000. Kama hakuvaa helmeti, au bodaboda ilibeba watu watatu, hakimu anaweza kukata sehemu. Akikata asilimia 20, zinabaki 3,072,000. Kwa umri aliopunguziwa, mahakama nyingi hutoa kama 100,000. Maumivu ya aliyekufa papo hapo hupewa kidogo.

Lakini sheria ya bima hailazimishi kampuni kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi utamdai mwenye lori, na ndiyo maana tunasema jina lake lipatikane sawasawa tangu mwanzo.

Gharama za mazishi korti huzitazama kwa huruma. Za mochari na hospitali hapana: bila risiti hupati, na zisipoandikwa kiasi chake katika madai hupati hata ukiwa na risiti.

Muda wa kufungua kesi ni miaka mitatu. Kama marehemu alikufa baada ya kulazwa, hesabu kutoka siku ya ajali ili usijidanganye. Gari likiwa la serikali, ni mwaka mmoja tu.

*Baba alikuwa akiuza samaki, hana payslip wala akaunti ya benki. Wakili wa upande wa pili anasema hatuna ushahidi wa pato.* – Msomaji, Kwale

Anawatisha. Mahakama ya Rufaa ilishasema kwamba karatasi siyo njia pekee ya kuthibitisha pato, la sivyo wengi wa Wakenya wangekosa haki. Mleteni shahidi aliyenunua samaki kwake kila siku, aeleze ndoo ngapi na kwa bei gani. Rekodi za M-Pesa husaidia sana, hata kitabu cha chama. Mkishindwa kabisa, hakimu huweza kutumia kima cha chini cha mshahara wa kibarua, ambacho aghalabu ni kidogo kuliko alichopata mzee.

*Mtu wa bima amekuja nyumbani na shilingi 250,000 na karatasi ya kutia sahihi. Mama anataka kuzipokea.* – Msomaji, Voi

Asitie sahihi kabla wakili hajaisoma. Hiyo ni vocha ya kumaliza madai yote, hata kama mletaji anaiita "pole ya kwanza". Na jihadharini vilevile na wakili atakayewaambia "mkishinda nachukua asilimia 30": mapatano ya namna hiyo yamekatazwa na Sheria ya Mawakili. Ombeni ada kwa maandishi.

*Ndugu yangu alikufa bila mke wala mtoto. Mimi ndiye niliyemsomesha. Naweza kudai?* – Msomaji, Malindi

Kama mtegemezi, hapana. Sura ya 32 inataja mke, mume, wazazi na watoto, ndugu hawamo. Kama mama yenu yu hai, dai liwe kwa ajili yake, na kwa kijana asiyeoa mahakama mara nyingi huhesabu thuluthi moja ya pato. Wewe unaweza kuomba hati na kusimama kortini kama msimamizi. Kesi ya wategemezi ni moja tu, hakuna ya pili, kwa hiyo hakikisha jina la mama limeorodheshwa ndani ya madai.