Ukialikwa kwenye "nyumba ya jehanamu", soma hapa kwanza

Dada mmoja wa Houston kaniandikia wiki hii. Mwanawe wa miaka 13 kaalikwa na wenzake wa shule kwenda kwenye jumba la kutisha la msimu wa Halloween, na alipoisoma vizuri karatasi ya mwaliko akaona kwa chini, kwa maandishi madogo, kwamba mwandaaji ni kanisa. "Kwa kuwa ni kanisa, dada, nadhani hakuna ubaya. Au wewe waonaje?" Nilianza kumjibu kwa mistari miwili nikajikuta nimejaza ukurasa, maana jambo hili lilishaniumiza. Basi namjibu hapa, na ninyi wengine mnaolea watoto huku Marekani, mnaotaka kama mimi wakue wakimjua Mungu, msome pamoja naye.

Kwa walio nyumbani nieleze kidogo. Kila Oktoba, kwa ajili ya Halloween, sikukuu ya mizuka na vinyago mwishoni mwa mwezi huo, Marekani hujaa majumba ya kutisha. Unakata tiketi, unapitishwa vyumba vya giza, watu waliojipaka damu ya bandia wanakurukia, unapiga mayowe, unatoka nje unacheka. Makanisa kadhaa ya kiinjili yaliona vijana wanapanga foleni huko, yakajenga majumba yao. Kule Lynchburg, Virginia, wanafunzi wa Liberty University, chuo alichoanzisha mhubiri Jerry Falwell, wana onyesho liitwalo Scaremare lililoanza 1972: unatishwa kwanza, mwisho unahubiriwa. Miaka ya 1990 Trinity Church la Cedar Hill, kusini mwa Dallas, likatia fora kwa Hell House yake, yaani "nyumba ya jehanamu", na mchungaji Keenan Roberts wa Colorado akawa anawauzia makanisa mengine kifurushi kizima cha kuandaa onyesho kama hilo: michezo iliyokwisha kuandikwa, maelekezo ya mavazi na sauti, hadi ushauri wa kutumia jibini linalonuka ili chumba cha jehanamu kiwe na harufu yake. Aprili 1999 wanafunzi wawili waliua watu kwa risasi shuleni Columbine. Msimu wa Halloween wa mwaka huohuo, Cedar Hill waliigiza mauaji ya shuleni katika vyumba vyao. Familia zilikuwa bado zinaomboleza.

Mimi niliingia katika jumba la kanisa jingine, dogo, hapahapa Texas. Sitalitaja. Mwenzangu wa kazini, tunayehudumia naye wazee, alinipa karatasi yenye picha ya fuvu na kuniambia twende tukachangamke baada ya zamu. Kwenye karatasi yangu neno kanisa halikuwapo hata kwa maandishi madogo. Tulikatia tiketi kwenye maegesho ya magari, tukapangwa vikundi, na kila kikundi kikapewa kiongozi aliyevaa joho jeusi na barakoa yenye meno. Yeye ndiye shetani wetu, akasema, na usiku huu atatuonyesha kazi yake.

Vyumba vya mwanzo vilikuwa ajali ya dereva mlevi na kitanda cha hospitali chenye binti aliyetoka kutoa mimba, shuka zimelowa damu. Hapo nilishaanza kuelewa niko wapi, kwa sababu kila aliyekufa alikuwa anahukumiwa papo hapo, na kiongozi wetu alikuwa anashangilia.

Chumba kilichofuata kilikuwa chumba cha kulala cha msichana. Walikiandaa kwa uangalifu mkubwa. Begi la shule limetupwa juu ya kitanda, soksi moja iko sakafuni, ukutani picha za marafiki zimebandikwa kwa gundi ya karatasi, na moja imeanguka upande mmoja. Msichana kakaa chini, anaandika barua. Shetani mwingine kachuchumaa nyuma yake anamnong'oneza kwamba hakuna atakayemkumbuka. Taa ikazimika, mlio wa risasi, taa ikawaka nyekundu. Mikono ikatoka chini ya kitanda ikamkamata miguu, naye akaburutwa huku anakwaruza zulia na kumwita mama yake. Kiongozi wetu akatugeukia akasema, "Huyu sasa ni wetu."

Mdogo wangu wa mwisho alijiua. Wanaoifuatilia familia yetu wanajua, wengine sijawahi kuwaambia. Ilikuwa Moshi, mimi nikiwa huku, na nilimzika kwa simu. Kabla ya maziko kulikuwa na wiki nzima ya maneno kama atasomewa ibada au hatasomewa, kwa sababu wapo wachungaji wasiogusa jeneza la aliyekufa hivyo. Mwisho alikuja mwinjilisti mmoja mzee, akakaa na mama jikoni usiku kucha akimsaidia kuchochea moto, na asubuhi akamzika mdogo wangu kwa maneno yale yale wanayozikiwa wengine. Mtu huyo ndiye aliyemfanya mama arudi kanisani.

Sasa hebu fikiria mtu aliyezika hivyo anasimama gizani Texas, anaonyeshwa ndugu yake akiburutwa motoni, na amelipia tiketi.

Sitakieleza sana chumba cha jehanamu. Kilikuwa joto, moshi na vilio. Cha mbinguni kilikuwa vitambaa vyeupe na kijana mwenye ndevu za bandia. Ila chumba cha mwisho lazima nikiseme. Hakuna giza tena. Taa nyeupe za ofisi, viti vya plastiki, mchungaji wa vijana kavaa jinzi, sauti yake nyororo. Anasema huenda wewe usifike nyumbani usiku huu, barabara ni hatari, je, una uhakika unakwenda wapi? Milango ni miwili. Anayetaka kuongozwa sala ya toba apite kulia, asiyetaka atoke kushoto, wote tukimwona. Kulia kuna meza yenye kalamu na kadi: jina, umri, namba ya simu.

Karibu watoto wote walikwenda kulia. Kando yangu palikuwa na binti mdogo, meno yanagongana, kalamu haitulii mkononi. Nilimuuliza mchungaji, kwa sauti ya kusikika chumba kizima, mzazi wa huyu mtoto yuko wapi. Akasema yuko nje garini na nisivuruge kazi ya Roho. Nilimwambia mimi nimelelewa kanisani, nimeimba kwaya tangu utoto, na kazi ya Roho naifahamu. Nikamwomba yule binti aniambie gari lao ni lipi, nikatoka naye hadi kwa mama yake. Najivunia hilo mpaka leo. Mwenzangu wa kazini alikaa kimya muda mrefu, alidhani nimemwaibisha.

Wasomaji wangu mnanijua, siyo kwamba naona haya kuhubiri injili. Jehanamu naiamini. Na wale waigizaji hawakuwa watu wabaya. Aliyecheza yule msichana alikuwa mwanafunzi aliyejitolea jioni zake kwa kuamini anaokoa roho. Lakini mtoto anayesema ndiyo huku moyo unamwenda mbio kwa kelele na moshi hajakutana na Yesu, amekimbia shetani wa barakoa. Uamuzi kama huo ni ndoa ya mkeka: mashahidi wapo, jina limeandikwa, mwenyewe hakuulizwa. Baada ya muda hofu inaisha, na hofu ikiisha hana kitu mkononi. Mbaya zaidi, siku atakapohitaji kweli kumwendea Mungu atakumbuka kwamba mara ya kwanza alidanganywa mlangoni.

Wala tusiwanyooshee Wamarekani kidole peke yao. Nyumbani tunazo shuhuda za waliopelekwa kuzimu, zamani kwenye CD, sasa kwenye YouTube, na mikutano ya injili ambako mtoto wa darasa la nne anarudi nyumbani hawezi kulala. Ni kitu kilekile, hakuna tiketi tu.

Wapo watakaoniambia mlinzi wa gereza la Filipi aliokoka kwa hofu, tetemeko likiwa limefungua milango. Nimeambiwa hivyo mara nyingi. Someni tena Matendo 16. Yule mtu alikuwa ameshachomoa upanga ajiue. Paulo angeweza kunyamaza akamwacha aende alikokuwa anakwenda, au akamhubiria moto. Alipaza sauti: "Usijidhuru nafsi yako, kwa maana sisi sote tupo hapa." Hilo ndilo neno la kwanza alilolisikia. Mahubiri yalikuja baadaye, na usiku uleule yule mlinzi akawaosha Paulo na Sila majeraha na kuwaandalia chakula. Yohana naye kaandika, "Katika pendo hamna hofu." Kanisa linaloigiza binti anayejiua na kumpa shetani neno la mwisho limeuacha mstari huo wa Paulo nje ya mchezo, na ukumbini kila usiku anaweza kuwamo mtu anayeuhitaji kuliko wote.

Kwa hiyo mkialikwa, ulizeni nani anaandaa. Ulizeni tena jinsi onyesho linavyoisha, maana jumba la biashara huisha kwenye maegesho na hili huisha kwenye kadi. Ulizeni vyumba vina nini, chumba kwa chumba. Mwandaaji mwaminifu atakwambia. Mtoto ajue kabla ya kuingia kwamba ana ruhusa ya kutoka wakati wowote, na kwamba jina lake na namba ya simu haandiki popote pasipo mzazi. Akitaka kuokoka, ataokoka kesho asubuhi pia, akiwa ameshakunywa chai. Mungu hafungi saa nne usiku.

Dada yangu wa Houston, wangu wa miaka 13 nisingempeleka. Wako unamjua wewe. Ukiamua aende, nenda naye, ingia naye, usibaki garini, na mkirudi mwache aseme yote kabla hujamfafanulia lolote. Lakini kama ni mtoto aliyefiwa na mtu wake kwa njia ile, au siku hizi anajifungia chumbani na chakula hataki, asikanyage huko kabisa. Kaa naye umuulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Huku Marekani namba ya kupiga ni 988. Ilianza Julai 2022, ni bure, wapo saa zote usiku na mchana, na asiyetaka kuongea anaweza kuwatumia ujumbe.