Jaribio linapita kwenye laptop, linaanguka kwenye s390x: usiliruke

Ndugu yangu, umesema maktaba yako ya msimbo inasoma faili la baiti, majaribio yanapita kwenye laptop, lakini kwenye s390x (prosesa ya kompyuta kubwa za IBM) matatu yanaanguka, na unauliza kama uyaruke kwenye mashine hiyo. Nakuomba usiyaruke. Mimi niliwahi kuruka, na dosari ikabaki ndani ya programu.

Niliandika programu ya kusoma kumbukumbu za kifaa cha kupimia joto katika ghala la karafuu, huku Wete. Kifaa huandika joto kwa sehemu za kumi za digrii, katika baiti mbili, ile ya mwisho wa namba (tuiite ndogo) ikitangulia ile ya mwanzo wa namba (kubwa). Digrii 30 huwa 300, yaani 012C kwa hesabu ya msingi wa 16, nayo huandikwa 2C kisha 01. Laptop yangu ya x86 (prosesa za Intel na AMD) nayo hutanguliza ndogo, basi sikuona kitu. Aliyeijaribu kwenye s390x, ambayo hutanguliza kubwa, akapata 11265. Baiti ni zile zile, ila 012C imesomwa 2C01.

Aliyepita chuo cha Kurani analijua hili: Kiarabu husema khamsa wa ishrin, tano ikaja mwanzo, sisi twasema ishirini na tano. Namba ni hiyo hiyo moja, lakini sharti msikilizaji ajue msemaji kaanzia wapi.

Kwa hiyo usiiulize mashine inatumia mpangilio gani. Shika mpangilio wa faili. Kwenye C, acha kuigeuza pointa ya baiti kuwa pointa ya namba. Andika b[0] | (b[1] << 8), b ikiwa ya uint8_t (baiti isiyo na hasi), na jibu litakuwa moja kwenye prosesa yoyote. Kwa baiti nne, igeuze kila baiti kuwa uint32_t kabla ya kuisogeza. Kwenye Python, katika moduli ya struct, tumia "<H" badala ya "H" tupu. Data za itifaki za mtandao kwa kawaida hutanguliza kubwa, hizo ziandikie ">H".

Sasa majaribio yenyewe, na hapa ndipo nilipopoteza siku nyingi. Jaribio langu moja liliandika 300 kwa mpangilio wa mashine, kisha likaisoma kwa mpangilio huo huo. Likapita kila mahali, na halikuthibitisha chochote, kwa sababu kosa la kuandika lilifutwa na kosa la kusoma. Jingine lilitumia 0 na 257, namba ambazo ukizipindua baiti zake mbili hazibadiliki. Andika baiti kwa mkono ndani ya jaribio, 2C 01, kisha dai 300. Likianguka hapo, kosa ni la msimbo. Likipita, huku lile la zamani linaanguka, basi data ya jaribio la zamani ndiyo iliyotengenezwa kwa mpangilio wa mashine.

Huna haja ya kumiliki s390x. QEMU, programu ya kuigiza mashine nyingine, inaiigiza kwenye laptop hiyo hiyo. Ni nzito, lakini kwa majaribio madogo inatosha. Yakiendelea kuanguka, nitumie baiti nane za mwanzo za faili lako pamoja na namba unayoitarajia, tuzisome pamoja.