Paka na Mjusi Anayekimbia: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Hapa Ujiji mijusi wamejaa ukutani. Paka anaweza kukaa hatua mbili kutoka kwa mjusi aliyetulia asimjali, lakini mjusi akitimua mbio anamrukia papo hapo. Wanafunzi wangu wameniuliza ubongo unatambuaje kwamba kitu kinakwenda, tena kinakwenda upande gani. Vitabu tulivyo navyo vinaishia kwenye retina.
Mwalimu wa Baiolojia, Kigoma

JIBU: Mwalimu, vitabu vyenu vinaishia pale pale utamu unapoanza. Retina ya paka, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hupeleka habari kwenye thalamasi, kituo cha kupokezana habari ndani ya ubongo, nayo huzipeleka kwenye gamba la ubongo, upande wa kisogoni. Karibu seli zote za thalamasi hutazama eneo dogo la duara, na doa la mwanga likipita kulia au kushoto, kwao ni mamoja. Gambani mambo hubadilika. Seli hutaka mstari au ukingo wenye mlalo wake maalumu, na nyingi hutaka ukingo huo usogee.

Watafiti David Hubel na Torsten Wiesel waligundua hili Baltimore, Marekani, mwaka 1958. Paka alilazwa kwa dawa ya usingizi, elektrodi nyembamba ya tangsteni ikapitishwa hadi ubavuni mwa seli moja, ikaunganishwa na spika ili kila mpigo, yaani ishara fupi ya umeme ya seli, usikike. Waliangaza madoa kwa saa kadhaa, seli haikushtuka. Ilipoanza kupiga mfululizo, kilichoiamsha hakikuwa doa, bali kivuli chembamba cha ukingo wa kioo walichokuwa wakikichomeka kwenye mashine. Kivuli kikipita kwa mlalo mwingine, kimya. Kazi yao iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Sasa suala la upande. Chora ubaoni nukta A kushoto na B kulia, umbali wa nusu digrii (pembe machoni), zote zikipeleka ishara kwa seli moja. Ishara ya A icheleweshe milisekunde 50, ya B isicheleweshwe. Mstari ukitoka A kwenda B kwa digrii 10 kwa sekunde, hufika B baada ya milisekunde 50, kwa hiyo ishara mbili zinaifikia seli pamoja, zinajumlishana, inapiga. Ukirudi kutoka B kwenda A, ishara ya A inafika milisekunde 100 nyuma ya ile ya B. Kila moja peke yake haifikishi kizingiti, kiwango cha chini cha kuifanya seli ipige. Namba hizi ni za mfano, lakini ucheleweshaji ni wa kweli: thalamasi ya paka ina seli zinazoitika kwa kuchelewa.

Juu ya hapo kuna breki. Seli jirani humwaga GABA, kemikali inayotuliza. Miaka ya 1970 mtafiti A. M. Sillito aliizuia kwa dawa ya bikukulini, na seli nyingi zilizokuwa zikichagua upande mmoja zikaanza kuitika kwa pande zote mbili.

Wape wanafunzi hesabu ya digrii 40 kwa sekunde. Mstari utavuka kwa milisekunde 12.5 tu, ishara ya B itawahi, na jumla itavunjika. Ndiyo sababu kila seli ina mwendo inaoupenda. Katika eneo la 17 la gamba (wataalamu huyapa maeneo yake namba), seli za katikati ya uwanja wa kuona hupendelea mwendo wa pole, digrii chache kwa sekunde. Katika eneo la 18 jirani, makumi ya digrii ni kawaida.

Wasije wakaandika kwamba seli moja “inajua” kasi. Mstari hafifu kwenye mwendo inaoupenda na mstari mkali kwenye mwendo isioupenda vinaweza kutoa mipigo sawa kabisa. Ubongo lazima ulinganishe seli nyingi.

Na mjusi aliyetulia hajafutika machoni. Seli nyingi huitika kwa nguvu kitu kinapobadilika, kisha hufifia, na rangi ya mjusi imeshashabihiana na ukuta. Katika kuruka kwenyewe, ubongo wa kati nao una mchango mkubwa, kwa kuwa una seli zake zinazofuata mwendo.

Jambo moja linastahili mjadala darasani. Mwaka 1976 watafiti M. Cynader na G. Chernenko walieleza habari za paka waliolelewa kwenye mwanga wa kumetameta, usiowapa nafasi ya kuona kitu kikisogea mfululizo. Seli zao ziliendelea kuchagua mlalo, lakini nyingi hazikuchagua upande. Waulize wanafunzi: katika mchoro wenu, ni kipi kilichokosa kujengeka?

SWALI: Hizo “digrii kwa sekunde” hupimwaje?
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tabora

JIBU: Ni pembe inayopitiwa machoni, si urefu ukutani. Kwenye umbali wa sentimita 57, sentimita 1 ni karibu digrii 1, kwa hiyo uzi ukivutwa sentimita 10 kwa sekunde hapo, hiyo ni digrii 10. Mjusi anayekimbia sentimita 50 kwa sekunde ni kama digrii 29 kwa paka aliye mita moja, na chini kidogo ya 10 kwa aliye mita tatu. Anza siku zote kwa kupima umbali kutoka jichoni. Bila huo, namba ya kasi haina maana.