Miezi ya hatari kwa watoto inajulikana mapema

Nimehudumu wodi ya watoto miaka mingi, na kila mwaka vitanda hujaa katika miezi ile ile. Baridi ikishika, nimonia. Mvua zikianza, kuhara. Palipo na malaria, yenyewe hupanda wiki kadhaa baada ya mvua kuanza, kwa kuwa mbu huhitaji muda wa kuzaliana na vimelea muda wa kukomaa ndani yao. Kwa hiyo mvua ikikatika msianze kukunja vyandarua. Hapo ndipo homa zinapopamba moto.

Kwa familia za wakulima, mvua hizo mara nyingi hukuta ghala linaelekea kwisha. Mtoto aliyekwisha kukonda huangushwa na kuhara ambako mwenzake mwenye afya angekuhimili. Naamini vifo vingi huanzia hapa, muda mrefu kabla mtoto hajafikishwa hospitali. Basi mpime uzito kabla ya msimu, na ukague kadi yake: chanjo za nimonia, rota (kirusi kinacholeta kuhara) na surua zisibaki nyuma. Wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu.

Kipimo ambacho ningependa kila mlezi akijue hakihitaji dawa wala fedha. Mtoto akikohoa, subiri atulie, mfunue kifua, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, 50. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, 40. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea anapovuta pumzi, acha kuhesabu, mpeleke. Na kichanga aliyekataa kunyonya, au mwili wake umekuwa wa baridi, asisubiri kupambazuke. Wachanga wengi huugua sana bila kuchemka.

Pakiti za ORS (chumvi na sukari za kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini) na vidonge vya zinki viwepo nyumbani kabla mvua hazijakata njia. Mpe ORS kila anapoharisha, aendelee kunyonya na kula, na zinki aimalize siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Tena mkubaliane mapema nani atawapeleka hospitali usiku, na kwa usafiri gani.