Binti yangu anakula saa nne usiku huko Hispania, ni kawaida?

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni mama wa hapa Moshi, Kiborloni. Binti yangu kaenda Salamanca Septemba kusoma masters, sasa kila nikimpigia saa tatu usiku ananambia mama hatujala bado, huku chakula saa nne. Mchana nako anakula saa tisa, siku nyingine anashindia mkate eti maduka yamefungwa. Afu wavulana wa darasani wanamsalimia kwa kumbusu mashavu yote mawili!! Kuna mtu anaenda huko mwezi ujao, nimfungashie ndizi na nyama kidogo? Na kadi yake ya ukaazi bado, wasije wakamrudisha. Mama wa Kiborloni

JIBU: Shikamoo mama. Kwanza punguza presha, ukimpigia saa tatu yako kwake ni saa moja jioni, wametupita nyuma masaa mawili mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi ndo inabaki lisaa limoja. Kwahiyo hapo hata jirani zake hawajala.

Ila saa nne ni kweli mama, hakudanganyi. Mwaka 1940 serikali ya Franco, dikteta wa Hispania, ilisogeza saa mbele zikalingana na za Ujerumani na hazikurudishwa tena, na Salamanca iko magharibi kabisa karibu na Ureno, mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne usiku, sasa nani ale saa mbili jua linawaka? Maduka mengi madogo yanafunga kuanzia saa nane mchana mpaka kama saa kumi na moja, supamaketi kubwa ndo zinaendelea. Mwambie mlo wa maana aule mchana kama wenyeji, mgahawani aulizie menú del día, bei moja anapata sahani ya kwanza, ya pili, mkate, kinywaji na tunda au kitu kitamu. Usiku ajilie kidogo tu, wenyewe ndo wanavyofanya.

Mabusu ni salamu mama, wanagusisha mashavu tu basi, hata bibi wa jirani atamfanyia hivyo. Asipotaka anatoa mkono mapema, hamna anayenuna.

Mzigo sasa. Nyama USITUME, wala maziwa mgando wala siagi, Umoja wa Ulaya hawaruhusu abiria kuingiza nyama na maziwa kutoka nje, vitaishia kwenye pipa la forodha na huyo mtu wako atakuchukia. Ila ndizi zinapita! Ziko kwenye matunda machache yasiyodai cheti cha afya ya mimea, pamoja na nanasi, nazi na tende. Sema mshare zikifika zimeiva hapo hamna mtori tena, bora atafute maduka ya watu wa Amerika ya Kilatini aulizie plátano macho mbichi, zile ndizi kubwa za kupika, ni ngumu kuliko mshare na utamu wake mwingine lakini na nyama ya hukohuko supu inatoka. Unga wa mahindi wanaouza hapo mwingi umeshapikwa kiwandani, ugali wake unanata kama gundi, huo wa kwetu ndo umfungashie.

Kuhusu kadi ndo uwe mkali kidogo. Mwenye viza ya zaidi ya miezi sita anatakiwa kuiomba ndani ya mwezi mmoja tangu aingie, na apointimenti za polisi za alama za vidole kwenye mtandao zinaisha haraka balaa, kwahiyo ajaribu asubuhi na mapema kila siku, atunze ushahidi kuwa anajaribu, na aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni wamsaidie, wanazijua hizo habari. Na najua nyie watu wa Moshi Desemba lazima kila mtu apande nyumbani, sasa kama anakuja Krismasi bila kadi aulizie kwanza polisi kibali cha kurudi, wanaita autorización de regreso, asikate tiketi kabla hajakishika mkononi.