Leseni ninayo, gari ndo hawanipi

SWALI: Shikamoo mzee. Mi nimemaliza mafunzo ya malori makubwa miezi mitano iliyopita, leseni ya tela ninayo na mtihani nilipita mara ya kwanza. Tangu hapo nimeomba makampuni saba, matano kimya mpaka leo, mawili yameniita alafu swali la kwanza tu una uzoefu wa miaka mingapi, nikisema sina basi mazungumzo yameisha. La mwisho wakaniambia rudi ukiwa na miaka miwili barabarani. Sasa hiyo miaka naipata wapi kama kila mtu anataka nije nayo? Kuna jamaa anasema ataniandikia barua kwamba nilimfanyia kazi, anataka hela kidogo. Nichukue? Nimechoka kwa kweli.
Leseni Mfukoni

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Naanza na hiyo barua maana ndo imenitisha, usichukue. Wanaoajiri wanapiga simu kwa aliyeisaini na wanauliza vitu vidogo tu, alikuwa anaendesha gari gani, alikuwa anabeba nini, na huyo jamaa yako ataanza kung'ata maneno. Na tuseme imepita, ndo itakuwa balaa zaidi, utakabidhiwa gari limejaa mzigo na wanakutuma peke yako kwa sababu karatasi inasema unajua. Likitokea la kutokea bima inaweza kugoma kulipa ikigundua taarifa za dereva zilikuwa za uongo, hapo hutafuti kazi tena unatafuta wakili.

Sasa hiyo miaka miwili. Wengi wanadhani ni roho mbaya ya bosi, mara nyingi sio. Gari na tela lake na mzigo ni hela nyingi mno, na anayezikatia bima naye ana masharti yake kuhusu nani akae kwenye usukani, dereva mgeni ama hakubaliki kabisa ama anapandisha malipo ya bima. Bosi anaweza akakupenda kabisa na bado asikupe funguo. Kwaiyo ukikataliwa usiseme asante ukaondoka, uliza kwa adabu, kinachonizuia ni masharti ya bima au kuna kitu kwangu mwenyewe? Jibu la hapo ndo linakuonyesha njia. Kama ni kitu kwako utakijua ukirekebishe. Kama ni bima, basi omba kiti kingine humohumo ndani: kusogeza matela yadi, gari dogo la kusambaza, au upande kama msaidizi wa dereva mzoefu.

Najua vijana mnaona kazi ya yadi ni kushushwa hadhi. Mi mwenyewe nilikataliwa na kampuni moja nikaingia kwingine kama utingo, nilikuwa nafunga turubai na kuosha gari huku leseni iko mfukoni, niliona aibu kweli. Ila dereva niliyekuwa naye alikuwa mvivu wa kurivasi (Mungu amrehemu) basi tukifika yadi ananiachia mimi na msimamizi wa pale akawa ananiona kila siku, siku wamekosa dereva hakuuliza nina miaka mingapi. Yadi unaunganisha na kuachanisha tela kutwa nzima na unarudi nyuma sehemu finyu, wakati dereva wa safari ndefu anaweza kwenda siku nzima asirivasi hata mara mbili.

Ukiitwa kwa majaribio sasa. Nimekaa kiti cha abiria nikiwapima madereva wapya, sitazami mtu anavyokimbiza, natazama kabla hajapanda. Anazunguka gari au anarukia usukani? Anaangalia nati za magurudumu, maana michirizi ya kutu ikitoka kwenye nati ujue huenda imelegea. Anachungulia kati ya tairi pacha kama kuna jiwe limenasa. Akiunganisha tela anaingia chini na tochi ahakikishe pini ya tela imeshikwa sawasawa na kichwa cha gari, alafu kabla hajapandisha miguu ya tela analivuta kidogo mbele huku breki za tela zimekaba, likigoma kuachia ndo anashuka kumalizia. Anasubiri upepo wa breki ujae na anasikiliza kama kuna mahali panavuja. Barabarani naangalia kitu kimoja tu, mteremko, kama anashusha gia kabla haujaanza au anasubiri gari lichanganye ndo aning'inie kwenye breki mpaka ziungue. Mwenye kufanya hayo hata akiniambia gia zinampiga chenga bado namchukua, gia zinafundishika.

Kwenye fomu usiache pengo. Kama kuna miezi ulikaa nyumbani andika ulikaa nyumbani, na ajali ndogo kama ipo itaje na useme ulijifunza nini. Usiombe makampuni makubwa peke yake, mwenye gari tatu nne anaamua mwenyewe na anaweza kukupa nafasi ukienda kumwona uso kwa uso, ila kwa mwenye gari chache angalia pia hali ya gari lenyewe, ukikuta tairi vipara usikubali eti kisa una shida, likikamatwa jina lako ndo litaandikwa. Na anayekuomba hela ili akuajiri sio mwajiri.

Lile kampuni la miaka miwili nalo usilifute. Wapigie, waulize hilo swali la bima alafu niandikie walichokujibu.

SWALI: Mzee mi nilipewa nafasi nikafeli kwenye kurivasi, niligonga koni mbili mbele ya watu. Naweza kuomba tena palepale au nimejiharibia?
Koni Mbili

JIBU: Omba tena, koni sio ukuta. Muulize aliyekupima wanakubali kurudiwa baada ya muda gani na aliona kosa gani. Mi nahisi ulizungusha usukani mwingi na kwa haraka, ndo kosa la wengi. Shika usukani kwa chini, ukirivasi mkono ukienda kushoto nyuma ya tela nayo inaelekea kushoto, inapunguza kuchanganyikiwa kule kwa kinyume. Nenda taratibu, ukiona limeanza kukunja sana usipambane nalo, vuta mbele linyooke uanze upya. Na ukiwa huoni simamisha, kaba breki, shuka ukaangalie, wala usione haya kwamba wanakutazama. Aliyeshuka mara tatu akaingiza bila kugusa kitu nampa kazi, ila anayekisia kwa kioo akabahatisha simpi.